Masaa Aliyoruka Muzammil

Mwiki, Ruiru,
S.L.P. 4417.
Alhamisi, 14 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Irshad,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Sharjah, na joto lenu mnalionaje? Sumeya hajambo? Mwambie wifi yake anamsalimu kabla ya mambo mengine yote, maana nikishaanza kuandika sijui kama nitakumbuka adabu. Sisi huku baridi ya Agosti imetukalia. Hatujambo, ila goti langu la kushoto, lile la kukanyagia cherehani, limeanza kunidai uzee.

Mama yuko Thika, mzima, na sukari imeshuka. Kila anayeingia nyumbani kwake anaambiwa habari za mwanawe anayerusha ndege kubwa Uarabuni. Juzi alimsimulia muuza maziwa mpaka maziwa yakaanza kuharibika. Muuza maziwa akampa pole, sijui alielewa nini.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu tunazo. Sikutaka kuandika haya WhatsApp. Ujumbe wa simu mtu huufuta, kisha akasema hakuuona. Tena najua Sumeya hushika simu yako, na haya ni yangu na yako kwanza. Barua nitampa jirani yangu Ajwang, anayesafiri Jumapili kwenda Dubai kununua bidhaa za duka lake. Bahasha nitaishona kwa uzi mwekundu pande zote nne, maana gundi siiamini. Ukiona mshono umekatwa, niambie nijue Ajwang naye nimweke fungu gani.

Sasa nianze na mashati.

Unajua sare ya urubani ya mwanangu Muzammil nashona mimi, kwa sababu kampuni haiwapi. Ana mashati meupe sita. Ratiba yake inasema siku nne kazini, siku tatu za kupumzika. Mimi sijui ndege, lakini kola ya shati naijua. Kwa muda mrefu nilikuwa nikifua mashati manne kwa wiki. Kisha nikaanza kufua sita, yote yamevaliwa, yote yana jasho. Siku yake ya mapumziko simu inalia asubuhi, ananiambia anapita ofisini mara moja, na anarudi jioni macho mekundu, anakula nusu sahani na kuingia chumbani kwake.

Ofisi gani hiyo ya kuvaliwa mistari miwili ya dhahabu mabegani? Nikaanza kushuku. Unanijua. Marehemu shemeji yako alikuwa akisema hata malaika wa kaburini mimi ndiye nitakayeanza kuwahoji.

Basi siku moja akioga nilifungua kitabu chake. Ndiyo, nilikifungua, na Mungu anisamehe. Kile kitabu kirefu ambamo rubani huandika kila safari: ametoka wapi, ametua wapi, ameruka masaa mangapi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza, ukiwa bado unalala kwenye kochi langu hili hili, kwamba kwa rubani kitabu hicho ni sawa na hatimiliki ya shamba. Bila masaa yaliyoandikwa na kupigwa muhuri hawi kapteni, na hakuna kampuni kubwa itakayomwangalia. Nikatafuta Jumanne aliyotoka na sare. Hakuna kitu. Nikatafuta Ijumaa. Hakuna. Nikarudi nyuma mwezi mzima, siku zote za yale mashati ya ziada hazimo.

Na mashati yananuka mafuta ya ndege kama kawaida. Nikajumlisha moja na moja nikapata saba. Nikajiambia, huyu amefutwa urubani, sasa anajaza wenzake mafuta pale uwanjani na anaona haya kuniambia. Nililia juu ya beseni, Irshad, nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaanza hata kufikiria nitamwambia nini Mama.

Wiki hiyo nilikuwa na dastikoti kumi na mbili za kupeleka Thika, kwa Pritam, yule mwenye kiwanda cha magodoro katika Eneo la Viwanda. Binti yake Jasleen ni rubani msaidizi katika kampuni hiyo hiyo ya Muzammil, uliyofanyia kazi wewe kabla ya Sharjah, na siku hiyo alikuwa ofisini kwa babake. Nikamvuta kando.

"Jasleen, niambie ukweli. Muzammil siku hizi anajaza mafuta?"

Alicheka mpaka akashika meza. "Auntie! Muzammil? Jana ameenda Lodwar mara mbili. Huyo anafanya kazi kutushinda sisi wote."

"Mbona haimo kwa kitabu chake?"

Kicheko kikakatika hapo hapo. Akaangalia mlango. "Hiyo story muulize yeye, Auntie. Na please, usiseme ni mimi."

Nilitoka pale. Nilikuwa nimekuja na shaka moja, na sasa nilikuwa na nyingine iliyokuwa mbaya zaidi, ambayo sikuijua hata jina.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Muzammil ameketi kwenye ngazi ya mlango, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amelala. Saa tatu asubuhi, jua linamwakia usoni, amelala kabisa. Nikamwamsha kwa jina lake lote, jina la babake na la babu yake. Nikamwambia leo haendi popote mpaka aniambie.

Akaniambia. Sheria inawataka wapumzike, na wakaguzi huja kuangalia masaa. Lakini kampuni ina ndege nyingi kuliko marubani iliokubali kuwaajiri. Kwa hiyo siku ya mapumziko wanamwita, anaruka, na kwenye karatasi ya safari nafasi ya rubani msaidizi inajazwa jina la mtu mwingine ambaye hana masaa mengi mwezi huo. Kwa sheria Muzammil yuko nyumbani amelala. Masaa anayoyaruka anayapata mtu mwingine.

"Na huyo mwingine ni nani?"

"Mathe, wacha tu."

"Ni nani?"

"Ni jina tu liko kwa system. Haina maana."

Niliuliza mara ya tatu, na akanitolea simu akanionyesha picha ya karatasi moja. Lodwar, tarehe tisa Juni. Jina lililoandikwa ni lako.

Nitakuambia nilivyohisi, kwa sababu sina haja ya kukuficha. Kwanza nilifurahi. Nikasema alhamdulillahi, ni Irshad, basi ni kosa la makarani na litarekebishwa kwa simu moja. Nikakumbuka kwamba wewe hukuacha kazi pale. Uliondoka Machi mwaka jana kwa likizo isiyo na malipo, kwa hiyo jina lako bado limo kwenye orodha yao. Hakuna rubani Kenya nzima aliyepumzika kama wewe.

Furaha yenyewe haikufika jioni. Nilikaa kwenye cherehani, nikaanza kukumbuka, na kila nilichokumbuka kilikuwa na wewe ndani.

Nikakumbuka dua tuliyokufanyia kwa Mama kabla hujasafiri. Ulisimama ukatuambia una masaa elfu moja na mia tisa, na kwamba zile kampuni za ndege kubwa zinataka elfu mbili na mia tano, kwa hiyo utaanza na kazi ya ofisini, kuwapangia wengine safari, mpaka mlango ufunguke. Tukaomba ufunguke. Mwezi wa tano mwaka huu ukapiga simu ukasema umefunguka, umeajiriwa, umepita yale masaa. Mama akachinja kuku. Mimi nilishangilia sana, na wala sikujiuliza swali moja ambalo hata mwanafunzi wa darasa la tatu angeliuliza: mtu aliyekaa kwenye meza ameyarukia wapi masaa mia sita?

Muzammil amenifanyia hesabu yake. Tangu uondoke ameruka masaa mia saba na ishirini ambayo hayamo kwenye kitabu chake.

Nikakumbuka Januari ulipokuja. Ulisema umekuja kumwona Mama, na Mama ulimwona siku moja. Siku mbili ulikuwa Nairobi kwa daktari wa marubani kupimwa upya ili cheti chako cha huku kisiishe, na bila cheti hicho jina lako lisingeandikwa safari yoyote. Labda ni busara tu, mtu hatupi cheti. Nimejaribu kulitazama hivyo, nimekutetea mwenyewe moyoni mwangu kama wakili asiyelipwa.

Lakini siku ya Idi ulipiga simu, na baada ya salamu ukaniuliza, "Muzammil bado wanamwita siku za off?" Irshad, mimi sikuwa nimekuambia kwamba wanamwita. Muzammil anasema hakukuambia. Ni nani aliyekuambia?

Nilimpigia Kapteni Gachau, rafiki yako, mkuu wa marubani pale, ambaye ulimwomba amchukue Muzammil. Nilimsalimu vizuri, nikamuuliza jina lako linafanya nini kwenye safari za mwanangu.  Akasema, "Mama, hizo ni vitu za ofisi. Kijana yako ako sawa, tunamwangalia. Wewe shona, wacha sisi turuke." Na akaniuliza kama Irshad anajua nimepiga simu. Kwa nini aulize hilo kwanza, kabla ya kuuliza nimejuaje?

Najua utasema kwa nini Muzammil hakukataa. Akatae vipi? Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu. Kila ukifika mwisho wanamwacha wiki moja anahangaika, kisha wanamwongezea kama wanaomtupia mbwa mfupa. Unamkumbuka Kaleli aliyesoma naye chuo cha urubani? Leseni anayo, akili anayo, na huu ni mwaka wa tatu yuko Gatongora dukani kwa wazazi wake anapima sukari na unga. Kila Jumatatu anavaa tai, anapeleka barua ya kuomba kazi, anarudi kwenye mizani. Gachau hana haja ya kumtisha Muzammil. Anamwambia tu kwamba nje ya geti wako wengi.

Na hata wanaofanya kazi, Irshad, hii kazi siyo ile tuliyoiota tukimpeleka shule. Majirani wakiona zile dhahabu mabegani wanadhani mwanangu anaishi kifalme. Wakilala Lodwar wanalala wawili chumba kimoja, feni haizunguki, na asubuhi chakula ni biskuti walizobakisha abiria. Akiugua anaogopa kusema, kwa sababu anayeugua hapangiwi safari. Nilidhani mtu akipanda juu vile anaondokana na unyonge wa huku chini. Kumbe ni vibarua vya kiwandani vile vile, ila na kofia nzuri.

Sasa kampuni imepata ndege mbili zaidi na inatafuta makapteni wapya kutoka kwa hawa wasaidizi. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi huu. Wanataka masaa elfu moja na mia tano. Kitabu cha Muzammil kina elfu moja mia moja na thelathini. Ukiongeza yale yaliyoandikwa jina lako angeipita hiyo alama na kubakisha. Jasleen ataomba. Muzammil hawezi hata kuchukua fomu. Akikosa mara hii hajui ni lini tena, labda miaka, labda mkataba hautaongezwa na ataungana na Kaleli kwenye mizani.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililoninyima amani kuliko yote. Nilimuuliza Muzammil kama uchovu huu umewahi kumletea hatari. Akaweka kijiko chake chini.

"Kuna siku niliamka," akasema.

"Uliamka wapi?"

"Juu. Tukirudi kutoka Wajir. Nikaangalia kushoto, Captain pia amelala."

"Mlilala muda gani?"

"Sijui, Mathe. Hiyo ndiyo shida. Sijui."

Nyuma yao walikuwa watu thelathini na saba. 

Mwanangu hataki nikuandikie. Hajui kwamba ninaandika. Nilipomwambia nitakuuliza aliinua sauti, na unajua yeye si mtu wa sauti. Alisema, "Mjomba ndiye alinishika mkono. Kama ameyachukua, wacha ayachukue. Mimi nitaruka mengine." Irshad, mtoto amekupa masaa yake kama vile wewe ulivyompa baiskeli yako alipokuwa darasa la nne. Ameshakusamehe kabla hujaomba. Mimi sijakusamehe, kwa sababu sijui kama kuna kosa, na hali hii ya kutojua inanila vibaya kuliko kosa lenyewe.

Mimi ndiye niliyekulea Mama alipokuwa akifanya zamu kiwandani. Nilikupiga mara moja tu, ulipoiba mkufu wa jirani, na sikukupiga kwa mkufu, nilikupiga kwa vile ulivyoniangalia machoni ukasema hukuuona. Sasa hivi uko mbali na macho yako siyaoni. Ndiyo maana ninashuku hata maneno ambayo labda ni ya haki.

Tena nakuogopea. Nikimpa msichana wangu wa dukani cheti kinachosema ameshona suti mia, na suti hizo nimezishona mimi, siku mteja ataleta kitambaa cha bei atakikata vibaya. Kitambaa hununuliwa kingine. Wewe una watu mia moja na themanini mgongoni. Mmoja wenu ameruka kupita kiasi na mwingine ameruka kidogo kuliko anavyosema, na nyote wawili ni damu yangu. Nikisikia ndege ikipita juu ya Mwiki siku hizi ninasimamisha cherehani mpaka sauti iishe.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Pasipoti yako ina mihuri ya tarehe zote ulizotoka na kuingia Kenya. Piga nakala ya kurasa hizo, uandike barua yenye sahihi yako kwamba siku hizo hukuwa hapa na hukurusha ndege yao yoyote, na Ajwang arudi nazo tarehe ishirini na tatu. Tukiwa nazo, na picha za Muzammil, tutakwenda kwa wakaguzi wenyewe na masaa yatarudi kwa mwenyewe kabla ya orodha kufungwa. Jasleen ameniambia atasema alichokiona. Anaogopa, lakini atasema.

Kama hukujua lolote, barua hiyo ni robo saa ya kazi, na nitakuomba radhi kwa magoti, hili bovu na hili zima. Kama ulijua, najua itakugharimu nini. Utapoteza hiyo ndege kubwa na labda leseni, na Mama itabidi aambiwe, na nitamwambia mimi. Utarudi, utalala kwenye kochi hili hili, na chakula utakula. Sitakufungia mlango, hilo usilihofu. Lakini usinitumie zawadi na Ajwang badala ya karatasi. Nikiona manukato nitaelewa.

Usimpigie Gachau kwanza. Ukimpigia nitajua, kwa sababu Muzammil ataacha kuitwa ghafla, au atafutwa kazi.

Mama anakusalimu na anasema uvae sweta kwenye ndege. Kaka Sele anakusalimu kutoka Majengo, mguu wake umepona. Jirani Mwongeli anauliza kama ulimpatia mwanawe yule mtu wa viza. Msalimie Sumeya, na kama huhusiki na haya usimwonyeshe barua hii, asije akanichukia bure.

Nilikuwa nimefika hapa, sindano na uzi mkononi tayari kwa bahasha, na simu ya Muzammil ikalia. Leo ni siku yake ya kupumzika. Nimemwambia asiende. Amesema orodha haijafungwa na hataki Gachau amwone mkaidi, akavaa shati nililokuwa nimelipiga pasi kwa ajili ya Jumamosi, akatoka. Ni saa nne asubuhi. Kwa hiyo leo, mdogo wangu, kwa mujibu wa karatasi zao wewe uko angani unakwenda Wajir, umepumzika vizuri, na mwanangu yuko nyumbani amelala. Mungu akurudishe salama, Irshad. Nimeomba kwa jina lako, maana ndilo lililoandikwa, na Yeye anajua ninayemwombea ni nani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ninayengoja kujua kama ninaweza kukuamini,

Nadira